Kwa nini kipindupindu hakina damu wala homa, lakini kuhara damu kuna vyote viwili?

Mwanafunzi_Tabibu ameuliza:

Habarini wakuu. Nasoma magonjwa ya kuambukiza na nimefika kwenye magonjwa ya kuharisha. Orodha ninayo kichwani. Kipindupindu: choo kingi cheupe kama maji yaliyooshea mchele, hakuna damu, homa ni nadra. Shigela (bakteria wa kuhara damu): choo kidogo kidogo chenye ute na damu, homa, msokoto wa tumbo. Virusi vya rota: mtoto huanza kwa kutapika, kisha anaharisha maji. Giardia: gesi, choo chenye mafuta na harufu kali, kinaendelea kwa wiki. Nimeyakariri, ila sababu sizioni, na ndiyo maana nikikaa wiki moja tu bila kusoma yanachanganyika.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Ikiwa kipindupindu kinaua ndani ya saa chache, kwa nini hakileti homa wala damu?
2. Kama utumbo unamwaga maji kiasi hicho, inakuwaje maji ya chumvi na sukari yanayonywewa kwa mdomo yanafyonzwa? Si yangepitiliza tu?
3. Kwa nini mwingine anapewa antibayotiki na mwingine anakatazwa kabisa, ilhali wote wanaharisha?

Naomba maelezo ya jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya mwili. Orodha nyingine sihitaji.

---

Mzee wa Fiziolojia amejibu:

Mdogo wangu, majina ya vijidudu yaweke pembeni kwanza. Kila ukikutana na kijidudu cha kuharisha jiulize mawili: kimekaa sehemu gani ya utumbo, na kimeufanyia nini ukuta wake. Ukishajibu hayo, dalili nyingi utazitabiri mwenyewe.

Anza na hesabu ya maji. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea takriban lita 8 hadi 9 kila siku. Kama lita 2 ni alichokunywa na kula. Zilizobaki ni mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na yale yanayotolewa na utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa humo humo. Lita moja na nusu hivi huingia utumbo mpana, na mwishoni choo hutoka na mililita 100 hadi 200 tu za maji. Utumbo mpana ukibanwa unaweza kufyonza hata lita 4 au zaidi kwa siku.

Sasa ona matokeo. Tatizo likiwa utumbo mwembamba, kinachofurika ni lita nyingi: choo kingi, cha majimaji, na mgonjwa anakauka upesi. Tatizo likiwa utumbo mpana, maji ya kumwaga si mengi, lakini hapo ndipo choo kinapohifadhiwa. Ukuta wa puru ukivimba na kuwa na vidonda, kila tone linalofika linasukumwa nje. Mgonjwa anakwenda mara 20 kwa siku, kila mara kijiko cha ute na damu, na bado anahisi hajamaliza. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa "umekwenda mara ngapi" ukaishia hapo. Muulize kila safari kinatoka kiasi gani.

Nije kwenye kipindupindu. Vibrio cholerae akishavuka asidi ya tumbo hunata juu ya ukuta wa utumbo mwembamba. Haingii ndani ya seli, haziui wala hachimbi kidonda. Anachofanya ni kutoa sumu yenye sehemu mbili: vipande vitano vya B vinavyoshika mafuta maalumu kwenye ngozi ya seli yaitwayo GM1, na kipande kimoja cha A kinachoingizwa ndani. Kipande A huibadilisha kikemia protini inayowasha kimeng'enya cha adenilati saiklasi, na tangu hapo protini hiyo haizimiki tena. Ni kama bomba lililofunguliwa kisha mpini ukavunjwa. Kiwango cha cAMP (kijumbe cha ndani ya seli kinachotengenezwa na kimeng'enya hicho) hupanda, milango ya kloridi (ile iitwayo CFTR) hufunguka na kubaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, na maji yanazifuata zote mbili. Wakati huo huo ufyonzaji wa kawaida wa sodiamu na kloridi zikiwa pamoja unazuiwa. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Hapo swali lako la kwanza limeshajijibu. Damu hutoka pale ambapo ukuta umechubuka, na hapa ukuta uko mzima. Homa huja pale ambapo seli nyeupe zimekutana na mvamizi ndani ya tishu na kumwaga kemikali za kengele zinazofika kwenye ubongo, na hapa mvamizi yuko nje ya tishu. Ule weupe wa choo ni vipande vya ute vinavyoelea kwenye maji ambayo hayana tena kinyesi. Mtoto anaweza kupata homa kidogo, lakini mtu mzima mwenye joto la nyuzi 39 na choo cha maji mtafutie pia ugonjwa mwingine.

Kasi ya kifo nayo ina sababu yake, na wengi huiruka. Maji yanayopotea kwenye kipindupindu yana wingi wa chumvi unaokaribiana na ule wa maji ya damu. Mtu anayepoteza maji matupu husaidiwa na seli zake: chumvi inabaki nyingi nje ya seli, nayo huvuta maji kutoka ndani. Hapa msaada huo haupo. Hasara yote inabebwa na maji ya nje ya seli, damu ikiwemo. Ndiyo maana mapigo ya mkononi hupotea mapema huku mgonjwa akiwa bado na fahamu zake na anajibu maswali.

Dalili nyingine nazo zifuatilie hivyo hivyo. Bikabonati inatoka na choo, damu inakuwa na asidi, na mgonjwa anapumua kwa kina na kwa haraka ili kuitoa kama hewa ya kaboni. Ukisikiliza kifua hukuti kitu, usimwandikie nimonia. Potasiamu inatoka, misuli inalegea, na tumbo linaweza kujaa gesi kwa sababu utumbo umeacha kusukuma. Misuli ya miguu na tumbo inakaza kwa maumivu makali. Figo zisipopata damu ya kutosha zinaacha kutengeneza mkojo, na hali hiyo ikidumu zinaharibika.

Swali la pili ndilo ninalolipenda. Sumu imefungua mlango mmoja na kuziba mwingine, lakini kuna mlango wa tatu ambao haikuugusa: protini iitwayo SGLT1, inayoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Robert Crane aliueleza ufungamano huo mwaka 1960. Chumvi ikinywewa peke yake inapitiliza, kama ulivyodhani. Ikiwa na glukosi kwa uwiano unaofaa inaingia, na maji yanaifuata. Kuharisha hakukomi, kinachotokea ni kwamba kinachoingia kinazidi kinachotoka. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipokwisha, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

---

Darubini amejibu:

Mzee amemaliza kipindupindu. Mimi nichukue upande wa damu.

Shigela hana haraka na utumbo mwembamba. Anapita hadi utumbo mpana, na humo anaingilia kwenye seli za M, ambazo kazi yake ni kuchukua sampuli za vitu na kuzipeleka kwa kinga ya mwili. Yaani anaingizwa na mlinzi mwenyewe. Chini yake anamezwa na makrofaji (seli nyeupe inayomeza wavamizi), anaiua, na inapokufa inamwaga vichochezi vya uvimbe. Kisha anazivamia seli za ukuta kutokea upande wa chini, na humo ndani anajisukuma kwa kujijengea mkia wa nyuzi za aktini za seli yenyewe, akihama seli hadi seli bila kutoka nje. Seli nyeupe aina ya nyutrofili zinamiminika kumtafuta, na katika kupita kwake zinaupasua ukuta zaidi. Matokeo ni vidonda, usaha, damu, ute na homa. Sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na jeshi letu wenyewe.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa vya kutosha: idadi ya bakteria wanaohitajika. Shigela 10 hadi 100 wanatosha kumwangusha mtu mzima kwa sababu asidi ya tumbo haiwasumbui sana. Ndiyo maana anasambaa kwa mikono tu, ndani ya nyumba moja au bweni moja. Vibrio hufa kwa wingi kwenye asidi, kwa hiyo kwa mtu mwenye tumbo la kawaida wanahitajika mamilioni, na kwa kawaida wanahitaji maji au chakula cha kuwabeba. Mtu anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, au aliyekatwa sehemu ya tumbo, anaambukizwa kwa idadi ndogo zaidi. Wenye kundi la damu O nao hupata kipindupindu kikali zaidi.

Kwenye kuhara damu msisahau amiba, lakini pia msiipe kila choo chenye damu. Entamoeba histolytica huua seli kwa kuzigusa na huchimba kidonda chenye mdomo mwembamba na tumbo pana chini ya ukuta. Mwanzo wake ni wa polepole, siku hadi wiki, homa ni ndogo au haipo, na seli nyeupe kwenye choo ni chache kuliko kwa shigela kwa sababu kimelea huziua. Anaweza kusafiri na damu hadi ini na kufanya jipu. Hapo homa inapanda na maumivu yako chini ya mbavu za kulia, mara nyingi bila kuharisha kabisa.

Upande wa maabara, makosa yanayojirudia ni haya. Choo cha kutafuta amiba kisomwe kikiwa cha moto, ndani ya nusu saa, kwa sababu umbo linalotembea hufa upesi. Kinachothibitisha ugonjwa ni amiba anayetembea akiwa na chembe nyekundu za damu tumboni mwake. Kuona "uvimbe" (sisti, yaani umbo la kimelea lililolala ndani ya gamba) peke yake hakutoshi: sisti za histolytica na za E. dispar asiye na madhara zinafanana kabisa kwenye darubini. Shigela naye hufa haraka ndani ya choo kilichoachwa mezani. Chagua sehemu yenye ute na damu, ipande mara moja, na kama haiwezekani itie kwenye kisafirishio cha Cary-Blair. Kwa kipindupindu tumia TCBS, chakula maalumu cha kuoteshea Vibrio; makoloni yanatoka ya njano. Kipimo cha haraka cha kijiti kinasaidia kutambua mlipuko, lakini uthibitisho ni wa kuotesha.

Na kuna mmoja wa hatari anayejificha humu: E. koli anayetoa sumu ya shiga, anayejulikana zaidi akiwa O157:H7. Choo kinaanza cha maji, kisha kinageuka kuwa damu karibu tupu, tumbo linauma sana, na homa ni kidogo au haipo. Bakteria hubaki utumboni, ila sumu yake inaingia kwenye damu na kushika seli zenye kipokezi cha Gb3, nazo ni nyingi kwenye mishipa midogo ya figo. Mishipa inajeruhiwa, mabonge madogo ya damu iliyoganda yanajaa humo, chembe nyekundu zinakatikakatika zikipita, chembe sahani zinaisha na figo zinasimama. Hii hutokea zaidi kwa watoto wadogo, mara nyingi wiki moja hivi baada ya kuharisha kuanza, wakati mzazi anaona choo kimeanza kuwa kizuri. Mtoto aliyeharisha damu kisha akapauka, akavimba uso na mkojo ukapungua apimwe damu kamili na kreatinini (kipimo cha figo) siku hiyo hiyo.

---

Mwanafunzi_Tabibu ameandika:

Asanteni sana. Mzee, maelezo ya CFTR yamenifungua macho. Nimebakiwa na mawili. Rota na giardia hawatoi damu na wako utumbo mwembamba, je nao wanafungua milango ya kloridi? Na pili, kwenye vitendo, vipimo vya ORS (yale maji ya chumvi na sukari) vinahesabiwaje kwa mtoto? Nimeona namba tofauti tofauti.

---

Wodi ya Watoto amejibu:

Rota kwanza. Virusi hivi huambukiza seli zilizokomaa kwenye ncha za vile vijidole vidogo vinavyopanua eneo la kufyonza. Seli hizo zikifa, vijidole vinafupika. Zinazobaki chini bado changa, na kazi yao ni kutoa maji zaidi kuliko kufyonza. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kiko kwenye zile ncha, kwa hiyo nacho kinapungua: sukari ya maziwa inabaki utumboni, inavuta maji, na bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha. Ndiyo maana choo kinakuwa na povu, kinatoka kwa kishindo na kinachoma ngozi ya makalio. Virusi pia vina protini iitwayo NSP4 inayofanya kazi kama sumu na kuchochea kloridi itoke, lakini si kwa njia ile ya cAMP. Protini hiyo hiyo huchangamsha mishipa ya fahamu ya utumbo, na hapo ndipo kutapika kunakoanza kabla ya kuharisha. Ugonjwa hudumu siku 3 hadi 8, kwa sababu seli mpya zinapanda kutoka chini na kukomaa ndani ya siku chache.

Kwa giardia tatizo kubwa si milango ya kloridi. Anajibandika kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba kwa kidude kama sahani kilicho tumboni mwake, anadhoofisha ufyonzaji, na mafuta yasiyofyonzwa yanatoka kwenye choo. Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Ukimwona mtoto ana gesi, tumbo limejaa na uzito unashuka taratibu, mfikirie.

Sasa vipimo. Namba zinaonekana tofauti kwa sababu ni za hali tatu tofauti. Kwa hiyo anza na kumpima mtoto upungufu wa maji.

Hali ya kwanza, hana dalili za kukauka. Anabaki nyumbani. Baada ya kila choo cha majimaji: aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, zaidi ya hapo anywe anavyotaka. Kunyonya na kula kuendelee.

Hali ya pili, ana angalau mbili kati ya hizi: anasumbuka na kulialia, macho yamedidimia, ana kiu na anakunywa kwa pupa, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Mpe ORS mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4, mkiwa naye kituoni. Mtoto wa kilo 12 ni mililita 900, yaani takriban 225 kila saa. Kijiko kila dakika moja au mbili kwa mdogo, vimeza vya mara kwa mara kwa mkubwa. Akitapika, subirini dakika 10 kisha endeleeni polepole zaidi. Kosa kubwa hapa ni kuona ametapika mara moja na kusema "ORS haikai". Kwa kawaida alipewa kikombe kizima kwa mkupuo. Baada ya saa 4 mpime upya.

Hali ya tatu, ana angalau mbili kati ya hizi: amelegea au hana fahamu, macho yamedidimia, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, ngozi inachukua sekunde 2 au zaidi kurudi. Huyu ni dripu mara moja, Ringa laktati, mililita 100 kwa kilo. Chini ya mwaka mmoja: 30 kwa kilo ndani ya saa 1, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa 5. Mwaka mmoja na kuendelea: 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu. Yule wa kilo 12 anapata 360 kwanza, halafu 840. Mapigo yakiwa bado dhaifu sana baada ya ile sehemu ya kwanza, irudie. Akiweza kunywa tu, aanze ORS mililita 5 kwa kilo kila saa huku dripu inaendelea, kwa sababu Ringa ina potasiamu kidogo na haina glukosi. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 peke yake usiitumie kwa kazi hii: sukari ikishatumika yanabaki maji matupu, na sodiamu ya damu inashuka.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali usimhesabie hivyo. Ngozi yake hurudi polepole na macho yamezama hata akiwa na maji ya kutosha, na moyo wake haubebi mmiminiko wa haraka. Ana maji yake maalumu na utaratibu wake wa polepole, na dripu hupewa akiwa kwenye mshtuko tu.

Pakiti ya sasa ya ORS, kwa lita moja, ina kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Sodiamu na glukosi zinatoka sawa, milimoli 75 kila moja, na jumla ya vitu vilivyoyeyuka ni 245, chini kidogo ya damu. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Hii haina potasiamu wala sitrati, kwa hiyo ni ya kuanzia tu. Chumvi ikizidi, sodiamu ya damu inapanda na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, inavuta maji kuingia utumboni na kuharisha kunaongezeka. Soda nyingi zina gramu 100 hivi za sukari kwa lita na karibu hazina chumvi, kwa hiyo zinafanya kosa hilo la pili. Maji yaliyochanganywa yamwagwe baada ya saa 24.

Zinki ipewe pia: miligramu 10 kwa siku kwa walio chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa wakubwa zaidi, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

---

Mizani ya Dawa amejibu:

Naongezea swali la 3, maana naona limeachwa.

Kipindupindu kikali: antibayotiki inapunguza wingi wa choo na siku za ugonjwa, lakini anayeokoa maisha ni maji. Mtu mzima hupewa doksisaiklini miligramu 300 mara moja, pale ambapo vipimo vya eneo vinaonyesha bado inafanya kazi. Ipewe kutapika kukishatulia, la sivyo inaishia kwenye ndoo. Shigela: antibayotiki inahitajika, siprofloksasini siku 3 au azithromaisini, lakini usugu umeenea, kwa hiyo asipopata nafuu ndani ya siku 2 badilisha. Amiba: metronidazoli huua walio kwenye tishu, ila haiwamalizi walio ndani ya utumbo, bila dawa ya pili kama paromomaisini au diloksanidi ugonjwa unaweza kurudi. Hii ya pili husahaulika mno.

Rota: hakuna antibayotiki inayogusa virusi. E. koli wa sumu ya shiga: epuka antibayotiki, kwa sababu baadhi yake humchochea bakteria atoe sumu zaidi na hatari ya figo inaongezeka. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, usimpe mtoto, wala mtu yeyote mwenye damu kwenye choo au homa kali: unaufunga utumbo ukiwa na sumu na wavamizi ndani.

Flagyl (yaani metronidazoli) kwa kila anayeharisha ni desturi mbaya. Haigusi Vibrio, haigusi shigela, haigusi rota.

Na kuna kundi ambalo halijatajwa: aliyekula sumu iliyokwisha kutengenezwa. Stafilokokasi aliyekaa kwenye chakula kilichoachwa kwenye joto la chumba huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Kupasha chakula kunaua bakteria, sumu inabaki. Mtu anaanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 8, na mara nyingi ndani ya siku moja amepona. Bacillus cereus wa kutapika yuko hivyo hivyo, saa 1 hadi 6, hasa kwenye vyakula vya wanga vilivyopikwa na kuachwa. Watu kadhaa waliokula pamoja wakatapika ndani ya saa 3, hiyo ni sumu. Bakteria wa kuzaliana hajapata muda.

---

Mwanafunzi_Tabibu ameandika:

Nashukuru. La mwisho kabisa: mbona homa ya matumbo imewekwa kwenye sura hii hii, ilhali wengine inawafungisha choo?

---

Darubini amejibu:

Imewekwa hapo kwa sababu ya mlango inaoingilia. Salmonela Taifi, bakteria wa homa ya matumbo, anapita ukuta wa utumbo mwembamba bila kuuvunja sana, anamezwa na makrofaji, na badala ya kuziua upesi kama shigela anaishi humo na kusafirishwa hadi kwenye tezi, ini, bandama na uboho. Kwa hiyo kuna ukimya wa wiki 1 hadi 2, kisha homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kuuma na uchovu. Kuharisha kunaweza kuwepo au kusiwepo. Hatari ya utumbo huja wiki ya pili na ya tatu, pale vifundo vya kinga mwishoni mwa utumbo mwembamba vinapovimba hadi kufa: damu nyingi kwenye choo, au utumbo kutoboka na tumbo kuwa gumu kama ubao.

Kipimo kifuate njia hiyo hiyo. Wiki ya kwanza kijidudu kiko kwenye damu, kwa hiyo otesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibayotiki. Choo kinaanza kumtoa kwa wingi baadaye. Uboho unampata hata kama dawa zimeshaanza, ila si kila mahali wanauchukua. Widal (kipimo cha kingamwili za homa ya matumbo kwenye damu) moja iliyosomeka "chanya" isikufanye uanze tiba: kingamwili hizo hubaki kutokana na maambukizi ya zamani, na salmonela wengine huzileta pia.

---

Mzee wa Fiziolojia amejibu:

Nyongeza kwa Darubini: ukimkuta mgonjwa wa homa ya matumbo wa wiki ya tatu ambaye joto limeshuka ghafla huku mapigo yakipanda, usifurahi. Shika tumbo lake kwanza, kisha mwite daktari wa upasuaji.